Kifurushi cha MVUA na Mbegu Zilizokwenda Igawa

Nimekasirika, vijana wangu, na nitawaambia kwa nini. Nikikasirika kimya mtadhani uzee.

Juzi baadhi yenu hapa mtaani Soweto mlinialika niione programu mnayowaandikia wakulima. Nilikuja kwa furaha, kwa sababu kumwona kijana wa Mbeya akiandika programu kunanifanya nijisikie nina miaka ishirini na mitano. Neema akafungua kompyuta. Nikaona folda moja tu, na ndani yake klasi zote mlizowahi kuandika: ya mkulima, ya shamba, ya lori, ya ghala, ya ripoti, zimeshindiliwa pamoja kama viazi kwenye gunia la lumbesa. Juu ya kila faili pana mstari wa `import` wenye nyota mwishoni, yaani: niletee kila kilichomo humo, nitajua mwenyewe cha kufanya nacho.

"Neema," nikauliza, "hii klasi ya ripoti inahitaji nini hasa kutoka nje?"

"Kila kitu, Bibi."

"Kila kitu ndiyo nini?"

"Si vyote viko humo, Bibi? Ikihitaji kitu inakikuta."

"Na hii klasi ya lori ni ya nani?"

Mmoja wenu akasema, "Ni ya wote, Bibi. Sisi hatuna ubinafsi." Mkacheka.

Mimi sikucheka. Neno hilo, "ni ya wote", nililisikia zamani katika ofisi moja mjini hapa, na aliyelipia hakuwa aliyelisema. Basi vuteni viti niwaeleze.

Miaka ya sabini nilikuwa mwandishi wa programu katika shirika la kugawa pembejeo, hapa Mbeya. Msidhani nilikaa mbele ya kioo kama ninyi. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, na mimi niliiona kwa macho mara chache sana. Huku tuliandika programu kwa penseli kwenye karatasi, kisha mtoboaji akaketi kwenye mashine yake na kuzigeuza kuwa kadi ngumu zenye matundu, mstari mmoja wa programu kadi moja. Kadi zikapangwa kwenye sanduku, sanduku likapanda basi kwenda Dar. Baada ya wiki, ukijaliwa, yanarudi majibu. Usipojaliwa, inarudi karatasi moja yenye kosa moja, na kosa lenyewe umesahau nukta. Ninyi mkisubiri dakika mbili mnapiga meza.

Mtoboaji wetu aliitwa Tumpe, mwenyeji wa Tukuyu. Alinizidi umri kidogo, nami nilimwita Dada Tumpe. Shule nilifundishwa kuandika programu. Kuitunza programu isinipotee nilifundishwa na yeye. Wiki yangu ya kwanza niliangusha sanduku ngazini, kadi zikamwagika hadi mlangoni kwa mlinzi. Nikalia. Tumpe akaja na kalamu ya wino.

"Unalia nini? Kadi hazikufa. Okota."

Tulipomaliza kuzipanga upya, akazikaza kwa mkono, akachora mstari wa mshazari juu ya ukingo wake, kutoka kona hii hadi ile. "Sasa ziangushe tena ukitaka," akasema. "Mstari ukivunjika, unajua ipi imehama."

Yeye pia ndiye aliyenifundisha vifurushi. Kadi zinazofanya kazi moja hufungwa pamoja kwa mpira, zinachorwa mstari kama ule, zinapewa jina, na zinakaa mahali pake kabatini. Kilikuwapo kifurushi cha kupima mashamba, cha kupanga malori, cha kuchapa ripoti. Programu ikihitaji kupima shamba, huandiki upya hesabu za kupima. Unakiita kifurushi kwa jina lake, unakipa maswali, kinakupa majibu. Hicho ndicho mnachokiita `package`, na kule kukiita ndiko mnakokuita `import`. Lugha zenu zimeongeza mengi mazuri: klasi inabeba data yake na kazi zake pamoja, na mnaweza kuificha data hiyo mgeni asiiguse. Sisi tungelia kwa furaha kuwa na kitu kama hicho. Ninyi mnacho na mnakiacha wazi. Hapo ndipo hasira yangu inapoanza kuchemka.

Kati ya vifurushi vyetu, kimoja kiliitwa MVUA. Kilijibu swali moja tu: kanda hii, mvua yake huanza lini? Programu ya malori ilikiuliza swali hilo ili mbegu zitangulie mahali panaponyesha mapema. Kanda zetu zilikuwa na namba. Kanda ya kwanza ilikuwa Tukuyu na milima yake, ambako mvua haina subira. Kanda ya tatu ilikuwa bonde la Usangu, ambako mvua huja ikiwa imechoka. Namba hizo na tarehe zake zilikuwa kwenye kadi za jedwali, na kadi za jedwali tulizifunga ndani ya kifurushi chenyewe, katikati kabisa. Shikeni hilo. Hapo palikuwa na ubovu, na sote tuliupita kila siku tukiuona kama kawaida.

Iringa kulikuwa na ofisi ndogo ya shirika hilohilo. Mwandishi wao wa programu aliitwa Festo, Mhehe mmoja mrefu, mcheshi, anayesalimia watu wote hadi wasiomjua. Mwaka mmoja, jua likiwa bado kali, akashuka basi akaja kwetu.

"Kamwene!" akatusalimia kwa Kihehe. "Nimekuja kuomba moto."

Mtu wa nyanda hizi anaelewa. Zamani jiko lako likizimika, unakwenda kwa jirani na kigae, anakupa kaa, unawasha kwako. Kumnyima jirani moto ni uchawi. Na akikurudishia chombo, hukikagui mbele yake, kwa sababu kukikagua ni kumwita mwizi. Tabia nzuri sana hiyo, vijana. Mimi mwenyewe nimelelewa nayo.

Festo alitaka kifurushi cha MVUA. Angeweza kupewa nakala, lakini kadi zilikuwa adimu mwaka ule, kila bunda tulilihesabu kadi kwa kadi. Tumpe akasema, "Tumtobolee nyingine, hii yetu isitoke." Meneja akasikia kutoka chumbani kwake, akaja akiwa amekunja uso.

"Ndugu Tumpe, kadi hizo ni za nani? Za baba yako? Ni za wote. Mpe ndugu yako akatumie, atarudisha."

Festo akaondoka na kifurushi chetu halisi kwapani.

Nasimama hapa kidogo, maana namwona mmoja wenu anataka kusema, "Lakini Bibi, siku hizi nakala ni bure." Ndiyo, ni bure. Ndiyo maana nimekuta kwenu klasi ya tarehe ikiwa imenakiliwa mahali pengi, na kila nakala imebadilishwa kidogo na mtu tofauti. Umaskini wetu ulikuwa wa kadi. Umaskini wenu ni wa nini?

Tuendelee. Iringa nao walikuwa na kanda zao, nao walihesabu kuanzia moja kama watu wote. Kanda yao ya kwanza ilikuwa Ismani, ambako ni kukavu na mvua huchelewa. Kanda yao ya tatu ilikuwa Mufindi, ambako ukungu na manyunyu huwahi. Festo akafungua kifurushi, akatoa kadi za jedwali letu, akaweka za kwake. Programu yake ikafanya kazi vizuri kabisa. Alipomaliza akapanda basi kuturudishia, pamoja na dumu la asali kama mtu mwenye adabu.

Siku hiyo Tumpe na mimi tulikuwa ghalani. Aliyempokea Festo ni Meneja. Walikunywa chai, Festo akageuza na basi la mchana. Tuliporudi, Meneja akatuonyesha sanduku likiwa limeshafungwa kamba.

"MVUA imerudi. Nimeipanga na programu ya malori, iende Dar leo leo. Makao makuu wanapiga simu."

"Tuitazame kwanza, Ndugu Meneja?" Tumpe akauliza.

"Uitazame kwani imetoka kwa maadui?"

Sanduku likapanda basi.

Majibu yakarudi, ratiba ya malori imechapwa vizuri kwenye karatasi pana, inapendeza macho. Malori yakaondoka. Mimi nilitumwa Igawa, kule bonde la Usangu, kusimamia mapokezi, na nilipofika nikakuta magunia ya mbegu ya mahindi yamepangwa kando ya barabara kuu, chini ya turubai, yanapakwa vumbi na kila lori linaloelekea Zambia. Jua lilikuwa kali hadi turubai linanuka. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, miongoni mwa wale waliohamia bonde lile na ng'ombe wao, alisimama na fimbo yake akatutazama muda mrefu.

"Mwangaluka," akasalimia. "Hii ni mbegu?"

"Ni mbegu, mzee."

"Ya kupanda lini?"

"Sasa."

Akauchukua udongo kiganjani, akaupuliza, ukapeperuka wote. "Binti, hapo ofisini kwenu mnapanda vumbi?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikatazama upande wa milima nikaona mawingu mazito yamelala juu ya Tukuyu. Kule ilikuwa inanyesha. Kule mashamba yalikuwa yamelimwa, yanangoja. Na kwenye ratiba yetu Tukuyu ilikuwa ya mwisho.

Nikarudi Mbeya na lori la kwanza. Nilikuta kesi imeshaamuliwa. Meneja alikuwa amewaambia makao makuu kwamba mtoboaji alitoboa vibaya namba za kanda. Kwa nini mtoboaji? Kwa sababu kompyuta haikosei, hilo kila mtu alilisema kama aya. Mwandishi wa programu ana cheti. Meneja ni meneja. Basi anabaki mwanamke anayeketi kwenye mashine. Tumpe alikuwa amepewa barua ya kusimamishwa, na shirika likatuma ujumbe kijijini kwao, kwamba mbegu zimechelewa kwa uzembe wa mtoboaji, ambaye ameshachukuliwa hatua. Hawakutaja jina. Wataje jina la nini, na mtoboaji alikuwa mmoja, na kijiji kizima kinajua ni binti wa nani? Mama yake mzazi alikuwa na shamba limelimwa, halina mbegu, na majirani wanampita mlangoni bila kusalimia.

Nilimkuta Tumpe nyumbani kwake anachambua maharage. Hakulia.

"Kazi nitapata nyingine," akasema. "Lakini mama yangu hawezi kupata majirani wengine. Kadi zimerudi kutoka Dar?"

"Zimerudi."

"Twende tukazitazame."

"Umesimamishwa, Dada."

"Miguu yangu haijasimamishwa."

Tulifungua kifurushi cha MVUA mezani. Tumpe hakusoma hata kadi moja. Alizikaza tu kwa mikono miwili, akazigeuza ubavu, akanionyesha. Ule mstari wa mshazari ulikuwa umekatika katikati. Palipokatika palikuwa na kadi zenye ukingo wa kijani. Kadi zetu hazikuwa na ukingo wa kijani. Za Iringa zilikuwa nazo. Kompyuta ilikuwa imeipa Usangu yetu tarehe za Mufindi, na Tukuyu tarehe za Ismani.

Niliomba simu ya Iringa, nikangoja opereta hadi mkono ukafa ganzi. Nilipompata Festo nikamweleza.

"Lakini mimi kadi zenu za jedwali nilizirudisha," akasema. "Nilizifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi Ndugu Meneja mkononi. Nikamwambia, toeni zetu, wekeni zenu, ndipo mtume. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia."

"Nakuja."

Kesho yake akaingia ofisini bila kusalimia mtu, jambo ambalo kwa Festo ni sawa na jua kuchomoza magharibi. Akasimama mbele ya meza ya Meneja, Tumpe na mimi tukiwa mlangoni.

"Ndugu Meneja, gazeti nililokupa liko wapi?"

"Gazeti gani?"

"Lenye kadi. Ulilipokea na asali."

Meneja akatazama dari, akatazama dirisha, halafu macho yake yakaenda yenyewe kwenye kabati. Festo akafungua. Nyuma ya dumu la asali, ambalo lilikuwa limeshuka nusu, palikuwa na furushi la gazeti, limefungwa uzi, halijaguswa.

Meneja akakohoa. "Basi, ndugu zangu, yameisha. Ni bahati mbaya ya kiofisi. Ndugu Tumpe, rudi kazini."

"Na barua?"

"Ichane."

"Mliiandika ninyi. Chaneni ninyi."

Akaichana. Na hapo Tumpe akasema neno alilolijia hasa. "Sasa tuma ujumbe mwingine kijijini. Waambie wa kwanza haukuwa kweli."

"Ofisi haiwezi kujibizana na maneno ya vijijini."

"Maneno hayo yalitoka hapa."

"Ndugu Tumpe, umerudishwa kazini. Unataka nini tena?"

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo shinikizo langu la damu linapanda. Unataka nini tena! Kana kwamba jina la mtu ni kadi, ukilitoboa vibaya unachukua lingine.

Nawaomba mtofautishe makosa, maana hasira bila akili haifundishi. La Meneja lilikuwa la moyo, na hakuna lugha ya programu inayoliponya. Lakini kosa lake lisingepata njia ya kupita kama kazi yetu ingekuwa imepangwa vizuri, na hilo liko mikononi mwenu. Angalieni tulivyobadilisha, Tumpe, Festo na mimi, kabla ya msimu uliofuata.

Kwanza, jina. Jina la kifurushi likabeba anwani ya mwenyewe. Kukawa na MVUA ya Mbeya na MVUA ya Iringa, na programu ililazimika kusema inamwita yupi. Ninyi hamna hata shida ya herufi chache tulizoruhusiwa. Andikeni `mbeya.hali.Mvua`, andikeni `iringa.hali.Mvua`, zikae nyumba moja bila kugombana. Anwani hiyo si urembo. Inamwambia asomaye amwendee nani kitu kikienda kombo.

Jedwali tukalitoa nje ya kifurushi. Hesabu za mvua zilikuwa zilezile kwa Mbeya na Iringa, kilichotofautiana ni tarehe. Basi kifurushi kikabaki na hesabu, na kila ofisi ikakiletea jedwali lake wakati wa kuuliza. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kukipasua tumbo. Kwenu hilo ni jambo la neno moja, `private`, yaani cha ndani, mgeni asikiguse. Liandikeni, na msione haya. Kumfungia jirani jiko lako si kumnyima moto.

Na mbele ya kila programu Tumpe alitoboa kadi za maelezo: programu hii inaita vifurushi hivi, kimoja kimoja kwa jina. Ndiyo orodha yenu ya `import`. Nyota inaficha hayo yote. Mwenye nyota ni kama mgeni anayesema nimekuja kuazima, halafu anabeba nyumba.

Tulikosea tena, msidhani tulikuwa malaika. Kuna wakati kifurushi cha malori cha Mbeya kilikiita cha maghala cha Iringa, na hicho cha maghala kikaita cha malori cha Mbeya. Festo akaniandikia: "Nangoja cha kwenu ndipo nimalize changu." Nikamjibu: "Nami nangoja cha kwako." Tukangojana kama wachumba wenye haya, mpaka Tumpe akauliza ni kitu gani wote wawili tunakitafuta kwa mwenzake. Kilikuwa ni orodha ya vijiji tu. Tukaitengea kifurushi chake, wote wawili tukakiita hicho, ngojangoja ikaisha. Neema, klasi zako za lori na ghala zinafanya hivyohivyo sasa hivi. Usiogope, ni kazi ya asubuhi moja, na nitakaa nawe.

Lakini mnataka kujua ya Tukuyu.

Meneja hakutuma ujumbe wala hakwenda. Jumamosi ya wiki ileile Tumpe alifunga kitenge, Festo akasema harudi Iringa kabla hajakanyaga huko, nami nikaungana nao. Tulikuta mbegu zimefika siku ile, na mvua ikiendelea, na watu wanapanda kwa kuchelewa, nyuso zimenuna. Mama yake Tumpe alikuwa peke yake shambani. Hakuna jirani aliyemsaidia, wakati kule kupanda ni kazi ya kusaidiana.

Festo hakungoja kukaribishwa. Akasimama kwenye njia katikati ya mashamba, akaita kwa sauti yake ile kubwa, wakaja. Akawaeleza yote: kwamba aliazima, kwamba aliweka kadi za kwao, kwamba alirudisha na maagizo, na maagizo yakalala kabatini. "Binti huyu alisema nakala itobolewe, akakataliwa. Akasema sanduku litazamwe, akakataliwa. Mkimtafuta wa kulaumu, mimi nimo. Yeye hayumo."

Mwanamke mmoja, ambaye kumbe ni mmoja wa waliokuwa wanampita mama mlangoni bila salamu, akatoa jembe begani akalisimamisha ardhini.

"Na huyo aliyesahau kadi kabatini, yuko wapi?"

"Ofisini," Tumpe akajibu.

"Mbona hakuja?"

Mama yake Tumpe alikuwa ameinama anafukia mbegu kwa kidole cha mguu. Hakuinuka.

"Hao wa ofisini njia ya huku hawaijui," akasema. "Hamkuona mbegu zao zilikwenda Igawa kwanza?"

Yule mwanamke akacheka, akaushika mstari wa pili wa shamba lile, wakaendelea kupanda.